Somo kwa Wasahihishaji: Herufi Nzuri na Neno Sahihi



Katika somo hili twataka kunena habari za karatasi tunazozipiga chapa wenyewe katika sharika zetu za Muleba na Bukoba: matangazo ya Jumapili, nyimbo za kwaya, ratiba za ibada na za mazishi. Zamani kazi hii ilikuwa ya mafundi wachache. Siku hizi kila mwenye kompyuta na printa aweza kuifanya. Jambo hili ni jema, nasi twalishukuru. Walakini lina hatari yake, na hatari hiyo tumeiona kwa macho yetu.

Siku moja tulihudhuria mazishi ya mama mmoja mzee. Ratiba ilikuwa imepigwa chapa katika steshenari, nayo ilipendeza sana: picha ya marehemu juu, pambo la msalaba kando, mistari imenyoka pande zote mbili. Mwinjilisti akasimama asome wasifu. Alipofika penye jina la marehemu akanyamaza kidogo, maana jina lililoandikwa halikuwa lake. Herufi r ilikuwa imegeuka kuwa l mahali pawili, na silabi moja ya jina la baba yake ilikuwa imeanguka. Mwinjilisti alimjua marehemu tangu utoto, akalitamka jina kama lilivyo. Lakini karatasi zilikuwa zimekwisha kugawanywa kwa watu wote. Binti wa marehemu akaikunja yake, akaitia mkobani, asiseme neno.

Baadaye tuliuliza ni nani aliyeisahihisha karatasi ile. Tukajibiwa: "Hakuna. Tuliiona nzuri, tukadhani imekwisha."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Tutazame kwanza jinsi kazi ya chapa ilivyofanywa zamani, kisha jinsi mashine mpya zilivyokuja, na mwisho ni kazi gani iliyobaki juu yetu.

1. Kazi ya chapa hapo zamani

Wamisionari wa Bethel, waliofika Bukoba mwaka 1910, walikuwa wamekwisha kufanya kazi Usambara, na huko Vuga kilikuwako kiwanda cha chapa kilichotoa vitabu vya Kiswahili kwa makanisa. Katika viwanda vya namna hiyo mpanga herufi alisimama mbele ya visanduku vyenye herufi za risasi, akaziokota moja moja na kuzipanga katika mstari. Alizisoma kinyume, kama mtu asomaye maandishi katika kioo. Ukurasa ulipokwisha kufungwa, karatasi ya kwanza ilipigwa kwa ajili ya kusahihishwa tu. Msahihishaji akaisoma, akatia alama, na mpanga herufi akabadili herufi zilizokosewa.

Basi neno lilipita mbele ya macho ya watu watatu kabla ya kumfikia msomaji: mwandishi, mpanga herufi na msahihishaji. Mpanga herufi aliyezoea Kiswahili alijua pia mahali pa kukata neno mwisho wa mstari, ingawa pengine hakuweza kuieleza kanuni yake.

Katika sharika zetu ndogo hatukuwa na herufi za risasi. Tulikuwa na mashine ya taipu, stensili na wino mweusi uliochafua mikono. Karatasi zake hazikuwa nzuri, herufi nyingine zilijaa wino na nyingine hazikuonekana. Lakini kwa sababu zilikuwa mbaya, kila mtu alizisoma kwa tahadhari, akijua kwamba kosa laweza kuwamo.

2. Jinsi mashine mpya zilivyokuja

Aliyebuni printa ya leza ni Gary Starkweather, fundi wa kampuni ya Xerox huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1977 Xerox ikauza printa yake kubwa iitwayo 9700, ila hiyo ilikuwa ya makampuni makubwa tu. Printa ndogo ya kuwekwa mezani ilienea baada ya mwaka 1984, Hewlett-Packard walipotoa LaserJet. Mwaka 1985 kampuni ya Apple ikatoa LaserWriter, kwa bei ya dola 6,995. Mwaka huohuo kampuni ya Aldus, iliyoanzishwa na Paul Brainerd, ikatoa programu ya PageMaker kwa ajili ya kupanga kurasa. Kampuni hiyo ilijiita kwa jina la Aldus Manutius, mpiga chapa mashuhuri wa Venice aliyekufa mwaka 1515.

Kazi yake ni hivi. Ndani ya printa mna silinda yenye chaji ya umeme. Mwali mwembamba wa nuru hupita juu yake na kuandika ukurasa kwa nukta ndogo sana. Wino wa unga hushika mahali palipoandikwa tu, kisha hupita juu ya karatasi, na mwisho joto la karibu nyuzi 200 huuyeyusha unga ule ushikamane. Printa zile za kwanza zilitia nukta 300 katika kila inchi moja ya urefu, na 300 katika kila inchi ya upana. Maana yake nukta 90,000 katika inchi moja ya mraba. Ukurasa mzima una mamilioni ya nukta. Ndiyo sababu LaserWriter ilipewa kumbukumbu kubwa kuliko ya kompyuta za Macintosh za wakati ule zilizoiendesha.

Kwetu Tanzania vyombo hivi vilichelewa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kazi ya hesabu za Hazina kwa kompyuta kuleta matatizo makubwa. Vizuizi vikalegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Tena mashine hizi hutaka umeme, na umeme wa mkoa wetu wa Kagera kwa miaka mingi ulitoka Uganda, nao ulikatika mara kwa mara. Printa ya leza hula umeme mwingi kwa ghafula inapopasha moto. Jenereta ndogo iliyowasha taa za kanisa pasipo shida yaweza kulemewa nayo.

Hata hivyo zilifika. Na zilipofika, watu watatu wa zamani wakawa mmoja: anayeandika ndiye apangaye, ndiye pia apigaye chapa. Msahihishaji hakufukuzwa na mtu, alisahauliwa tu.

3. Mtu aliyechukizwa na kurasa mbaya

Yafaa tumjue mtu mmoja aliyeijali sana kazi hii. Donald Knuth alizaliwa mwaka 1938 katika mji wa Milwaukee, Marekani. Yeye ni Mlutheri. Baba yake alifundisha katika shule ya Kilutheri, na katika chumba cha chini ya nyumba yao alikuwa na mashine ya kunakili kwa stensili, kama zile zetu. Knuth akawa mwalimu mkubwa wa elimu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford.

Mwaka 1977 alipokea kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake. Kitabu cha kwanza kilikuwa kimepangwa kwa herufi za risasi. Safari hii walikuwa wametumia mashine mpya ya picha. Alipoziona herufi alihuzunika, akaazimia kutengeneza programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa. Alidhani itamchukua miezi michache. Ikamchukua karibu miaka kumi. Programu hiyo huitwa TeX, na aliitoa bure kwa watu wote. Haitazami mstari mmoja mmoja peke yake, bali hutazama aya nzima kabla ya kuamua mahali pa kukata kila mstari.

Lakini jambo tunalotaka mlishike ni hili: Bwana Knuth aliahidi kumlipa dola 2.56 kila mtu aliyekuwa wa kwanza kumwonyesha kosa katika vitabu vyake, na watu wengi wamelipwa. Yeye aliyetengeneza mashine bora kuliko nyingi hakusema, "Karatasi yangu ni nzuri, basi imekwisha." Alinunua makosa yake kwa fedha.

4. Mambo ambayo mashine haiyajui

Kwanza, haijui kukata maneno yetu. Mwaka 1983 Franklin Liang, mwanafunzi wa Knuth, alionyesha jinsi kompyuta iwezavyo kujifunza mahali pa kukata maneno kutokana na orodha ndefu ya maneno yaliyokwisha kukatwa. Hiyo ni hekima kubwa. Lakini orodha ile ilikuwa ya Kiingereza. Mashine iliyofundishwa Kiingereza hulikata neno la Kiswahili kama la Kiingereza. Tazameni neno "wokovu". Sisi twalikata wo-ko-vu. Mashine isiyotujua yaweza kulikata wok-ovu, na msomaji wa somo akianza mstari mpya hukuta "ovu" mbele yake. Neno la kuokoa limezaa neno la uovu!

Kanuni yetu ni nyepesi: silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, basi kateni baada ya irabu. Wa-na-fu-nzi, si wa-naf-un-zi. Ma-fu-ndi-sho, si ma-fun-dis-ho. Msitenge mb, nd, nj, nz, sh, ch wala ny. Msiache herufi moja peke yake mwisho wa mstari, kama m ya "mtu". Maneno machache yaliyotoka lugha nyingine, kama lab-da, hayafuati kanuni hii. Ukiwa na shaka, usilikate neno.

Pili, haijui ritifaa ya ng'. Programu nyingine huiona alama ile kuwa mwisho wa neno au kifungo cha usemi, ikalikata "ng'ombe" hapo katikati. Wapigaji taipu wengine huiacha kabisa. Lakini ng'oa ni kutoa mti pamoja na mizizi yake, na ngoa ni wivu. Alama ndogo hubeba maana kubwa.

Tatu, haijui urefu wa maneno yetu. Neno moja kama "tutakapokusanyika" lina herufi 17. Ukipanga safu nyembamba na kuilazimisha inyoke pande zote mbili, neno refu lisipokatwa hurukia mstari wa chini, na mstari wa juu hubaki na mapengo makubwa kama meno yaliyong'oka. Dawa yake ni kuacha upande wa kulia usinyoke, au kupanua safu.

Nne, haiyajui majina yetu. Rwegasira si Lwegasila, na Rugemalira si Lugemalila. Mpigaji taipu aliyetoka mbali huandika asikiavyo, na mashine haiwezi kumwambia kwamba amekosea.

5. Kazi ya msahihishaji

Kila usharika uchague mtu wa kusahihisha, asiwe yule aliyeandika. Maana mwandishi husoma yaliyo moyoni mwake, si yaliyo katika karatasi. Naye afuate njia hii.

Kwanza, karatasi ya majaribio isipigwe kwa herufi za mapambo. Ipigwe kwa herufi za kawaida, mistari iachane, na juu iandikwe BADO. Hivyo hakuna atakayedhani imekwisha.

Pili, wasome watu wawili. Mmoja ashike maandishi ya asili na kuyasoma kwa sauti, pamoja na nukta na mkato. Wa pili afuate kwa kidole katika karatasi iliyopigwa.

Tatu, majina yasomwe peke yake, silabi kwa silabi. Jina la marehemu lithibitishwe na mtu wa nyumba yake au kwa kitabu cha ubatizo, si kwa simu ya haraka.

Nne, tarakimu zote zitazamwe upya: tarehe, namba za nyimbo, sura na mistari ya Biblia. Fungueni kitabu chenyewe, msitegemee kumbukumbu.

Tano, itazamwe miisho ya mistari yote upande wa kulia, kuona kama maneno yamekatwa vema.

Sita, kosa likisahihishwa, mstari mzima usomwe tena, na ule wa chini yake. Maana mara nyingi kulitoa kosa moja huleta lingine.

Kazi hii yote kwa ratiba ya kurasa nne haizidi nusu saa. Wakati wa msiba nusu saa ni nyingi, twajua; watu wanakuja, jeneza liko njiani, mwenye steshenari ataka kufunga. Walakini mama yule alibeba jina lake maisha yake yote, na siku ile lilikuwa la kutajwa mara ya mwisho mbele ya watu wake. Je, hakustahili nusu saa?

Maswali ya kujiuliza

1. Katika usharika wetu ni nani asahihishaye karatasi kabla ya kupigwa chapa? Jina lake lajulikana?
2. Kateni maneno haya kwa silabi: ufufuo, ng'ambo, tutawakumbuka, mbinguni.
3. Kwa nini karatasi nzuri huficha kosa kuliko karatasi mbaya?
4. Mtu akituonyesha kosa letu, je, twamshukuru au twamkasirikia?

Na katika somo hili lenyewe, ndugu msomaji, ukiona kosa, tuletee. Dola hatuna, lakini tutalisahihisha katika toleo lijalo na kukushukuru.