Pembe kwa Futi, Mshale kwa Hatua

Maswali haya yametoka Ngara na Biharamulo. Anayejibu ni mwindaji bingwa aliyestaafu.

Mbona Burigi siku hizi hatuwaoni wageni wa kuwinda? (Nyakahura)

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, na katika hifadhi ya taifa hakuna uwindaji. Hata kabla ya hapo mapori yalikuwa yamechoka. Tangu 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo na kujaa kambi ya Benaco, nyama ya porini ilikuwa mboga ya wengi. Anayetaka nzohe, yule swala wa mabwawani, sasa huelekea Moyowosi.

Kitabu ambamo wawindaji huandikisha rekodi za pembe kinaandikwa na nani? (Lusahunga)

Viko kadhaa. Cha zamani ni cha Rowland Ward, fundi wa kukausha wanyama wa London, kilichotoka 1892. Wapiga upinde wa Marekani wana klabu yao, Pope and Young, tangu 1961, lakini hiyo huandika wanyama wa Amerika ya Kaskazini tu. Aliyepiga mshale huku kwetu kwa kawaida hupeleka vipimo Safari Club International. Kupima ni kazi ya futi ya chuma: unaanzia shinani, unafuata mkunjo wa pembe hadi nchani, kisha unaizungusha shinani. Nimeona watu wazima wakibana pumzi kwa ajili ya nusu inchi.

Kwa hiyo mwenye pembe ndefu ndiye hodari? (Rulenge)

La. Rowland Ward hupokea hata pembe za kuokota! Zile pembe za tembo wa Kilimanjaro zilizovunja rekodi, kila moja zaidi ya kilo 90, ziliuzwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Ni wafanyabiashara waliozifikisha London. Kitabu kinapima mnyama, mwindaji hakimhusu. Sikikatai chote, maana kinamvuta mtu kwenye dume zee lililokwisha kuzaa. Ila kanuni zetu za simba zimekipita: zinataka dume la miaka 6 au zaidi. Tunatazama umri, ukubwa wa fuvu baadaye.

Babu zetu walitumia upinde wa mti na sumu. Huu wa kisasa wenye makapi ni uwindaji? (Kabanga)

Ni uwindaji, na Wamarekani wenyewe waliugombania miaka mingi: upinde ukikupunguzia mzigo wa mkono kiasi gani bado ni upinde? Kwangu swali zito ni lingine. Sumu ilimaliza kazi hata mshale ukipata paja, na leo sheria inaikataza. Bila sumu, mshale huua kwa kumwaga damu tu. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, utamkuta karibu. Nyeusi nzito ni ini, kaa chini usubiri. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu, umepiga utumbo, na siku yako imeharibika, yake zaidi. Ndiyo maana zaidi ya hatua 30 mimi nilikuwa nashusha mkono wa mgeni. Cecil, simba wa Hwange, alipigwa mshale Julai 2015, akafa baada ya saa kadhaa.

Nzohe ni mtihani mgumu zaidi. Akijeruhiwa huzama majini kati ya mafunjo, akiacha pua tu nje. Utamtafuta wapi?

Asipopatikana? (Nyakanazi)

Anahesabiwa ameuawa: mteja analipa, na mgao wa kitalu unapungua. Kitabu cha rekodi hakina safu ya hao. Niliwahi kumwambia mgeni mmoja kwamba, ingekuwa hiari yangu, ningeandika hatua alizopigia, mishale aliyotumia na dakika alizochukua mnyama kufa. Alicheka sana, kisha akaniomba futi.