Karte ya kuchagua na kalenda ya shamba



Katika somo lililopita tulisema juu ya angre na wakati wa kuitia kwenye mahindi. Leo tunaacha angre kidogo, tuzungumze juu ya kura. Musishangae. Hata kura iko na majira yake, na mwenye kuchelewa anabaki mikono mitupu.

Tukumbuke mwaka 2023. Hapa kwetu Haut-Katanga, CENI ilianza kuandikisha wachaguzi tarehe 25 mwezi wa kwanza. Wakati ule mahindi iko kwenye palizi, mvua ni nyingi, barabara za mugini zimekatika, na wengi wetu tuko kambini, mbali na nyumba. Kisha siku ya kuchagua ikawa tarehe 20 mwezi wa 12: mmoja anamaliza kupanda, mwingine amekwisha kuanza kupalilia. Tarehe zote mbili ziliangukia ndani ya mvua. Mutu wa mjini anapanga mstari asubuhi, mchana anarudi kwenye kazi yake. Mulimaji wa kambini anaacha shamba siku mbili au tatu, na majani hayamngojei.

Mama mmoja wa koperative tunayotembelea alituambia yake. Wakati wa kuandikisha alikuwa kambini, akaandikishwa pale pale juu ya kuwa ni karibu. Mwezi wa 12 mtoto akaugua, naye akarudi nyumbani upande wa Kipushi. Siku ya kura alienda kwenye bilo ya jirani na karte yake mkononi. Jina halikuwako kwenye orodha. Hakuna aliyemdhulumu: jina lilikuwa kule alikoandikishwa, na kufika kule kwa kinga ni safari ya kulala njiani. Akarudi nyumbani bila kuchagua.

Njo somo la kwanza: mutu anachagua mahali alipoandikishwa. Kwa hiyo siku ya kuandikishwa musiulize tu wapi ni karibu leo. Ulizeni: mwezi wa 12 nitakuwa nalala wapi? Kuandikishwa hakulipishwi, na mwenye miaka 18 asiye na karatasi yoyote anaweza kusimamishiwa mashahidi watatu walioandikishwa pale pale. Vijana wengi wa mugini hawajui neno hilo, wanabaki nyuma juu ya kukosa cheti cha kuzaliwa.

Sasa karte yenyewe. Kwa wengi wetu njo kitambulisho cha pekee tulicho nacho. Tunaionyesha barabarani, tunaionyesha kwa kununua namba ya simu. Karte nyingi za mwaka 2023 zilififia, foto na maandishi yakapotea, hata CENI ikatoa duplikata kabla ya uchaguzi. Muiweke pahali pakavu, mbali na jua na jasho. Musiitie mfukoni siku ya kunyunyiza dawa shambani (tumeona mambo!). Namba yake muiandike kwenye daftari la nyumbani.

Na hapa tutasema neno ambalo labda halitafurahisha kila mutu. Karte haiwekwi rehani. Isiwekwe kwa mwenye duka, isiwekwe kwa mgombea anayeahidi mifuko ya angre, na isiwekwe hata kwa mweka hazina wa koperative yenu juu ya deni la mbegu. Tunajua koperative inahitaji dhamana. Tafuteni dhamana nyingine: mavuno, mbuzi, jirani wawili wa kusimamia deni. Ukishika karte ya mwenzako, umeshika kura yake.

Siku ya kura, bilo zinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye ndani ya mstari saa ya kufunga anapewa jeton, na ana haki ya kuchagua hata giza likiingia. Musiondoke. Mwaka 2023 bilo nyingi zilichelewa kufunguliwa, CENI ikaongeza siku. Waliorudi nyumbani na hasira walikosa. Mashini inatoa karatasi tu. Kura yako ni ile karatasi unayoitia ndani ya sanduku, basi muitazame mbele ya kuikunja. Mzee asiyeona vizuri, au asiyejua kusoma, anaweza kusaidiwa na mutu aliyemchagua mwenyewe. Asipewe msaidizi kwa nguvu. Katiba ya mwaka 2006 inasema kura ni ya wote, ni sawa, na ni ya siri. Hata mume hana ruhusa ya kuuliza.

Jambo hili la usawa si geni kwenu. Sheria ya OHADA juu ya koperative inataka mwanamemba mmoja sauti moja, akiwa na hekta kumi ao robo hekta.

Kazi haiishi kwenye sanduku. Kuhesabu kunafanyika ndani ya bilo ile ile, mbele ya mashahidi wa vyama na waangalizi, kisha fishi ya matokeo inabandikwa pale pale. Kila mutu anaweza kuisoma. Wengi wetu saa hiyo tumekwisha kurudi kwenye majembe. Watu wawili wa koperative wakibaki na daftari na kuandika zile namba, mugini mzima unajua ulichosema. Ni kazi ya saa chache. Na kusema kunasaidia: tarehe 5 mwezi wa kwanza 2024, CENI ilifuta kura za wagombea 82 juu ya wizi wa kura, fujo na kukutwa na mashini za kuchagulia. Masimanimba na Yakoma uchaguzi wote wa wabunge ulifutwa, ukarudiwa tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2024.

Wengine watauliza: juu ya nini tujisumbue, mbunge akichaguliwa hatumuoni tena? Tuangalie basi franka. Kodi ya mwaka 2018 ya madini inasema hivi: katika malipo ya redevansi ya kampuni, 15 kwa mia ni ya sekta, sheferi ao komini ambamo mgodi uko. Kwa mugini unaopakana na migodi, franka hizo zinaweza kufungua barabara ya kutolea mahindi. Nani anaangalia matumizi yake? Sheria ya mwaka 2008 iliweka baraza la washauri waliochaguliwa. Mwaka 2023 washauri walichaguliwa kwenye komini za miji mikubwa ya majimbo tu, kwa hiyo walimaji wa komini Annexe ya Lubumbashi walipiga kura hiyo. Sisi wa sekta na sheferi hatukuipiga. Tunangoja. Lakini kungoja hakutukatazi kwenda ofisini kwa mfumu ao kwa shefu wa sekta, koperative nzima, na barua yenye tampon, kuuliza franka ngapi ziliingia na zilifanya kazi gani. Muende kwa heshima, mubaki na kopi ya barua.

Uchaguzi mkubwa unaokuja ni wa mwaka 2028, na mwezi wa 12 ni mvua tena. Katika mkutano wenu ujao, mbele ya kugawa mbegu, mupitishe daftari moja: jina la mwanamemba, mahali alipoandikishwa, na kama karte yake inasomeka bado. Kuandikisha kukitangazwa, mupange likelemba ya palizi: watano wanaenda kuandikishwa, watano wanabaki kulima mashamba ya wale walioenda, kesho yake wanabadilishana. Ba mama wenye watoto wadogo waende kwanza.