Dondoo muhimu: Baiskeli ya mtoto dukani

Baiskeli ya magurudumu matatu, skuta na kigari cha kupanda huingia dukani kwa ruhusa. Jijini Mwanza, ambako maduka mengi ya eneo la Makoroboi ni membamba na bidhaa hupangwa hadi mlangoni, haya huzingatiwa:

• Kuuliza kwanza. Mlinzi au muuzaji akikataa, chombo huachwa mahali atakapoelekeza.

• Kushuka. Ndani mtoto hutembea. Mzazi hubeba au husukuma chombo. Sakafu ya vigae, kama ya Rock City Mall, huteleza, na kwenye ngazi magurudumu hayapandi.

• Kufuta matope. Wakati wa mvua, magurudumu hupanguswa kwa kitambaa kabla ya kuvuka kizingiti.

• Kuacha njia wazi. Chombo hakiegeshwi mlangoni wala mbele ya kaunta, ambako mteja aliyebeba ndoo ya dagaa anaweza kujikwaa.

• Kutojaribu vya kuuzwa. Baiskeli mpya hupandwa muuzaji akikubali.

• Kulipa hasara. Trei ya mayai ikigongwa ikaanguka, mzazi hulipa bila ubishi, na mtoto huomba radhi mwenyewe.