Jina la Mtoto katika Chekechea ya Kanisa: Mfano wa Usukumani

Katika chekechea za makanisa Usukumani, si ajabu mtoto kuandikishwa kwa jina la ubatizo ilhali nyumbani huitwa kwa jina jingine. Mtoto wa miaka minne aliyezoea kuitwa Shija huweza kusikia "Yohana" likitajwa asiitike. Na mwalimu asiyefahamu jambo hili humhesabu kuwa mkaidi au mzito wa kusikia. Kosa hilo si dogo. Jina Shija hubeba habari: aliyezaliwa akifuata pacha, yaani Kulwa na Doto. Mwalimu anayelielewa amekwisha kuijua nafasi ya mtoto huyo miongoni mwa nduguze kabla hajamwuliza swali lolote.

Hii si hoja ya kuliacha jina la ubatizo. Yafaa majina yote mawili yaandikwe daftarini siku ya kwanza, mzazi akiwapo, na mtoto aitwe kwanza kwa lile analoliitikia. Katika 1 Samweli, sura ya 3, mtoto huitwa kwa jina lake, naye huitika ingawa hajamtambua amwitaye. Ni kisa ambacho walimu hukifahamu vyema, lakini aghalabu hukisomesha kama somo la utii tu.

Upatanisho wa kisarufi nao una uzito. "Kitoto hiki kinalia" humtoa mtoto katika ngeli ya watu na kumtia katika ngeli ya vitu; hata msemaji akikusudia kubembeleza, sauti ya ukali huugeuza udogo huo kuwa dharau. "Wewe wa nyuma" ni baya zaidi, kwani halina jina kabisa.