Kukalisha Bunduki Kwenye Mbao: Mafunzo Niliyopata

Kijana anayeingia kwenye ufundi wa bunduki hapa Arusha huanza kwa kuuliza habari za mitutu, darubini na aina za risasi. Ni maswali mazuri. Lakini ipo kazi inayoyatangulia yote hayo, nayo mteja haioni: jinsi chuma kinavyokaa ndani ya kitako cha mbao. Bunduki ya mtutu wa gharama kubwa ikikaa vibaya hutawanya risasi. Ya kawaida kabisa, iliyotoka kiwandani kabla hujazaliwa, ikikalishwa sawasawa hutoboa matundu matatu yanayofunikwa na kiganja kimoja ukiwa umbali wa mita mia moja, na itafanya hivyo leo, kesho na mwakani.

Nimezeekea kazi hii nikiwahudumia wawindaji bingwa wanaoshuka kwenda Selous na Rungwa. Nakuandikia wewe unayetaka kuwa fundi anayefuatwa na wateja kutoka mbali. Kabla ya lolote, kuwa na kibali chako kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, wala usiruhusu bunduki iingie kwenye jiliwa kabla hujaitazama chemba kwa jicho na kuipapasa kwa kidole.

1. Mbao huhama na majira

Mgeni mmoja aliniletea .375 yenye kitako cha jozi kizuri ajabu, kimeng'aa hadi unajiona usoni. Kwao Ulaya, alisema, ilikuwa haikosei. Hapa kwetu, mwezi wa Oktoba, kiangazi kimekausha hadi majani ya migomba, risasi zilikuwa zinashuka chini na kwenda kushoto. Nilipoweka bisibisi kwenye skrubu ya mbele, ilizunguka kwa urahisi kama ambayo haijawahi kukazwa. Mbao ilikuwa imesinyaa, skrubu imebaki pale pale.

Kilichonishangaza nilikikuta ndani. Nje palikuwa na tabaka juu ya tabaka la vanishi. Ndani, chuma kinapolala, mbao ilikuwa tupu, haijaguswa hata na tone la mafuta ya kitani. Unyevu ulikuwa unaingia na kutoka unavyotaka kupitia mahali ambapo hakuna mnunuzi anayepachungulia. Bunduki ya namna hiyo kiangazi hulegea, na masika huvimba na kuusukuma mtutu upande.

Tangu hapo kila kitako kinachopita mikononi mwangu hufunguliwa chote, na ndani yake hupakwa kinga kuliko nje: matundu ya skrubu, mfereji wa mtutu, na hasa mwisho wa mbao chini ya mpira wa begani, kwa sababu mbao hunywa maji zaidi pale nyuzi zake zilipokatwa. Kumbuka pia kwamba mbao husinyaa na kuvimba zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Ukichagua gogo la kuchonga kitako, nyuzi za shingoni, pale mkono unaposhika, ziende moja kwa moja. Madoido yaache nyuma, kwenye tako. Jozi ina sifa zake, lakini mninga wetu nao haupindi ovyo ukishakauka vizuri, na mafundi wa samani wanalijua hilo siku nyingi. Mpingo ni mzito mno kwa kitako kizima. Unapendeza kama kipande kidogo cha kumalizia mbele.

2. Jino moja ndilo linalopokea teke

Geuza Mauser ya 1898 utazame chini ya bodi, karibu na mahali mtutu unapoingia. Utaona jino pana la chuma. Risasi inapotoka, bunduki nzima inarudi nyuma, na jino hilo ndilo linalolisukuma tako kwenye bega lako. Nguvu yote ya teke inapita hapo.

Mzee aliyenifundisha hakunieleza haya kwa maneno. Alipaka masizi ya taa nyuma ya jino, akakalisha chuma ndani ya mbao, akakaza, akafungua, akaniambia nitazame. Nilitegemea kuona ukuta mzima wa mbao umekuwa mweusi. Palikuwa na doa moja, dogo kama punje ya mahindi, kwenye pembe ya kushoto. Bunduki ile ilikuwa inapiga mateke yake yote kwenye punje ile, na kila ilipopiga ilijizungusha kidogo, ikalala upya mahali tofauti na mwanzo. Mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha darubini akidhani ndiyo mbovu.

Kwa hiyo anza na masizi. Kwangua kwa wembe palipo peusi tu, kalisha tena, tazama tena, mpaka doa lienee ukuta mzima. Ni kazi ya kuchosha, na hapo ndipo ufundi unapojulikana. Kisha angalia upande wa nyuma, kwenye mkia wa bodi. Hapo pawe na nafasi ya unene wa kadi kati ya chuma na mbao. Mkia ukigusa, utapokea teke kabla ya jino, na utapasua shingo kama kabari inavyopasua gogo. Nimeona nyufa za namna hiyo hasa kwenye .458, risasi iliyotoka 1956 kwa ajili ya wanyama wakubwa. Ufa huanza kama unywele. Mteja anaweza kudhani ni mstari wa mbao; wewe usidhani.

3. Epoksi haikusubiri

Siku hizi hatuishii kwenye kukwangua. Tunatandika epoksi nyuma ya jino na chini ya bodi, chuma kinakaa juu yake ikiwa bado mbichi, na ikikauka inabaki na umbo la chuma kile kile, bila pengo. Matokeo yake ni makubwa. Hatari yake pia ni kubwa, kwa kuwa epoksi hushika chochote ambacho hukukikinga.

Fundi mwenzangu aliwahi kusahau sehemu ndogo nyuma ya jino. Asubuhi bodi ilikuwa imeshikana na kitako. Alijaribu kuvuta, kugonga, kupasha moto kidogo, ikakataa. Mwishowe tulikwenda kumwomba mwenye bucha jirani atuwekee bunduki ile, bila bolti na bila risasi, ndani ya friza yake usiku kucha, na mwenzangu akalala hapo hapo mlangoni, kwa sababu silaha haiachwi peke yake. Chuma kilisinyaa kwa baridi, na kulipokucha pigo moja la nyundo ya mpira lilitosha. Sikutegemea, na nilifurahi kama ni yangu.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Chuma chote kinachoweza kuguswa na epoksi kipakwe kiwi ya viatu, tabaka mbili, kila moja ing'arishwe. Matundu yote, ya pini, ya kifyatulio, ya magazini, yazibwe kwa plastisini ya watoto, na usawazishe ili epoksi isipate pa kujifungia. Jino lizungushiwe selotepu mbele, pembeni na chini, nyuma libaki wazi: epoksi ikishakauka, jino ligusane nayo kwa nyuma tu, na chuma kiingie na kutoka bila kukwaruza. Mtutu nao ufungwe selotepu kule mbele ili ukae katikati ya mfereji.

Halafu usikaze skrubu kwa nguvu wakati epoksi ni mbichi. Ukikaza, bodi itapinda kufuata mbao, na epoksi itakaukia kwenye kupinda huko. Mimi hukata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa kamba ndefu, nazungushia bodi na kitako kwa mkazo wa wastani tu. Kazi hii ifanye jioni. Joto la mchana huiharakisha epoksi, ukajikuta imegandia kwenye kijiti cha kukorogea.

4. Skrubu iliyokazwa sana inaweza kuwa inaficha ugonjwa

Kipimo hiki hakihitaji mashine. Simamisha bunduki, tako chini. Shika ncha ya mbao na mtutu kwa pamoja, kidole kimoja kiguse chuma na mbao vyote viwili. Mkono wa pili ulegeze skrubu ya mbele polepole, kisha ukaze, kisha ulegeze. Ukisikia kidoleni mtutu unainuka na kushuka, bodi imepindwa na mbao. Mwenye saa ya kupimia ataona: zaidi ya sehemu tano za mia za milimita, kazi bado.

Mara ya kwanza kukihisi kipimo hicho sikuamini kwamba chuma kinene vile kinapindika kwa bisibisi ya mkono. Kinapindika, na kila ukikikaza tofauti kinapindika tofauti.

Ndiyo maana mbao ambayo skrubu zinaibana tupu naikazia nyutoni mita 4 hadi 5 tu, na ile niliyoiwekea vijinguzo vya alumini ndani ya matundu ya skrubu hufika karibu 7. Nguzo hizo hazisinyai na majira, na hazipondeki. Kwa bunduki inayosafiri kutoka ubaridi wa Arusha kwenda kwenye jasho la bonde la Rufiji, naziona ni za lazima.

5. Mtutu uelee, isipokuwa ule usiotaka

Pitisha noti kati ya mtutu na mbao, kutoka nchani mpaka karibu na bodi. Ikikwama, mbao inaugusa mtutu. Mtutu hutikisika risasi inapopita, na ukiguswa mahali pamoja leo na pengine kesho, hautatikisika vilevile.

Lakini noti ya mezani haitoshi. Mwindaji wetu hapigi mezani. Anaegemeza bunduki kwenye fito tatu zilizofungwa juu, na uzito wake anauweka hapo. Mbao nyembamba ya mbele hupinda na kugusa. Kwa hiyo iegemeze bunduki kama atakavyoiegemeza yeye, bonyeza, ndipo upitishe noti. Nafasi ikipotea, ongeza.

Zipo bunduki zinazokataa kanuni hii, nazo uziheshimu. Lee-Enfield Namba 4 ya .303, ile ya majeshi ya Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, ilitengenezwa mbao yake ya mbele iusukume mtutu juu kwa nguvu ya ratili chache. Ukiipa nafasi kwa kuiga bunduki nyingine, unaweza kuiharibu kabisa. Jua ilivyokusudiwa kabla ya kuinua patasi.

6. Bega la mwenyewe limo ndani ya hesabu

Bunduki inaweza kupiga vizuri mikononi mwako na vibaya mikononi mwa mwenyewe. Vitako vingi vya kiwandani vina takriban sentimita 34 hadi 35 kutoka kwenye kifyatulio mpaka mwisho wa mpira. Mwanamke mmoja mwenye mikono mifupi alikuwa anainyoosha shingo ili aione darubini, na kila teke lilimgonga nyusini. Akaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Nilikata sentimita mbili, nikainua kidogo mahali pa shavu, epoksi sikuigusa. Shabaha yake ilirudi siku ile ile.

Mwambie mteja afumbe macho, ainue bunduki begani, kisha afumbue. Jicho liwe tayari katikati ya darubini. Likiwa halipo, rekebisha mbao, usimlaumu mtu. Na umpime akiwa amevaa nguo atakazovaa porini.

7. Badili kitu kimoja, kisha piga

Usibadilishe kitako, skrubu na risasi kwa mkupuo, hutajua kilichoponya. Weka daftari la kila bunduki: mkazo wa skrubu, tarehe, hali ya hewa, risasi zilipotua. Karatasi za shabaha zibandike humo humo. Bunduki ikirudi masika ijayo na malalamiko mapya, fungua ukurasa wake kabla ya kufungua skrubu.