Ufahamu na Ufupisho: Meza ya Kioo Katika Sebule Ndogo

Watahiniwa wengi hupoteza alama katika ufahamu si kwa sababu kifungu ni kigumu, bali kwa sababu hujibu walichokijua kabla ya kusoma. Katika somo hili utasoma kifungu kimoja, utajibu maswali, kisha utajifunza kukifupisha hatua kwa hatua. Funika sehemu ya majibu kwa karatasi mpaka utakapomaliza kuandika ya kwako.

A. KIFUNGU CHA HABARI

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Nilipoajiriwa nilipanga chumba na sebule. Sebule yenyewe ilikuwa ya mita 3 kwa mita 3. Baada ya kuingiza kochi la watu watatu na kabati la televisheni, nafasi iliyobaki ilikuwa ya kupita kwa ubavu. Nikaamua kununua meza mbili ndogo za kioo za kuweka pembeni mwa kochi. Kioo hupitisha mwanga, na jicho likiona sakafu chini ya meza, chumba huonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Nilinunua kwa macho. Sikupima chochote wala sikuuliza chochote zaidi ya bei. Zilipofika nyumbani, nilikuta zimeupita mkono wa kochi kwa sentimita 12, hata kila aliyetaka kikombe chake ilimbidi ainue kiwiko. Hilo nililivumilia. Lililonifunza lilitokea jioni moja, mtoto wa jirani alipoegemea ukingo wa meza akitaka kuchukua rimoti. Kioo kilipasuka, kikatoa vipande virefu vyenye ncha kama visu. Mtoto alishonwa nyuzi saba mkononi. Mama yake hakunilaumu hata kwa neno moja, na ukimya ule uliniuma kuliko lawama.

Fundi wa vioo niliyemwendea baadaye alinieleza nilichopaswa kukijua mapema. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu na vikali. Kioo kilichoimarishwa hupashwa moto kupita nyuzijoto 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa hewa. Uimara wake hufikia takribani mara nne ya kioo cha kawaida, na kikivunjika husambaratika kuwa punje ndogo zisizo na makali makubwa. Kioo hicho hakiwezi kukatwa wala kutobolewa tena, hivyo vipimo lazima vitolewe kabla. Mara nyingi huwa na muhuri mdogo kwenye kona.

Alinionya pia kuhusu uzito. Kioo chenye unene wa milimita 10, urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 50 kina uzito wa zaidi ya kilo 6, kwa hiyo miguu myembamba inayoyumba haikifai. Kingo ziwe zimesagwa, na kati ya fremu na kioo kuwe na vipande vya mpira ili kioo kisiteleze.

Siku hizi, kabla ya kutoa pesa, nachukua futikamba. Meza isiupite mkono wa kochi, na njia ya kupita ibaki angalau sentimita 60. Nakunja gazeti kwa ukubwa wa meza, nalilaza sakafuni, halafu natembea pembeni yake. Kioo hudanganya jicho, hakidanganyi goti.

B. MASWALI

1. Kwa nini mwandishi alichagua meza za kioo? (alama 1)
2. Taja makosa mawili aliyoyafanya wakati wa kununua. (alama 2)
3. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika kifungu: (a) kupita kwa ubavu (b) nilinunua kwa macho (c) husambaratika. (alama 3)
4. Fafanua kauli: "Kioo hudanganya jicho, hakidanganyi goti." (alama 2)
5. Kwa maoni yako, kwa nini ukimya wa mama yule ulimuuma mwandishi kuliko lawama? (alama 2)
6. Fupisha kifungu hiki kwa maneno yasiyopungua 50 na yasiyozidi 60. (alama 5)

C. MAJIBU NA MAELEZO

1. Alitaka sebule yake ndogo ionekane kubwa. Ukiandika "kwa sababu kioo kinapendeza" hupati alama, kwani kifungu hakisemi hivyo.

2. Hakupima meza wala nafasi, na hakuuliza habari nyingine yoyote zaidi ya bei, ikiwemo aina ya kioo.

3. (a) Kupita kwa kujigeuza upande kwa sababu ya nafasi finyu. (b) Nilinunua kwa kuvutiwa na nilichokiona, bila kuchunguza. (c) Hutawanyika vipande vipande. Zingatia maneno "kama yalivyotumika". Ukijibu kuwa (b) ni kununua ukiwa umefumbua macho, umetoa maana ya neno mojamoja na umeacha maana ya kifungu.

4. Meza ya kioo hufanya chumba kionekane kikubwa, lakini nafasi inayochukuliwa na meza haipungui. Anayepita atajigonga kama amebanwa na meza nyingine yoyote. Kauli ina pande mbili, na kila upande una alama yake. Mtahiniwa anayeeleza jicho akasahau goti hupata nusu.

5. Jibu la swali hili halimo wazi kifunguni. Lazima ulijenge kwa ushahidi. Mfano: Mwandishi alijua kuwa uzembe wake ndio uliomjeruhi mtoto. Angelaumiwa, angepata nafasi ya kujitetea au kuomba radhi. Aliponyamaziwa, alibaki akijilaumu mwenyewe. Jibu lolote lenye hoja inayotokana na kifungu hukubaliwa.

D. NAMNA YA KUFUPISHA

Hatua ya kwanza: tafuta wazo kuu la kila aya. Aya ya kwanza inaeleza sababu ya kununua. Ya pili, madhara ya kununua bila kuchunguza. Ya tatu, aina ya kioo. Ya nne, uzito na uimara. Ya tano, vipimo.

Hatua ya pili: ondoa mifano, tarakimu na tamathali. Rimoti, kikombe, gazeti na nyuzi saba hupamba habari, lakini havibebi wazo kuu.

Hatua ya tatu: unganisha mawazo kwa maneno yako mwenyewe, katika nafsi ya tatu, kwa aya moja. Kisha hesabu maneno.

Ufupisho wa mfano (maneno 52):

Mwandishi alinunua meza za kioo ili sebule yake ndogo ionekane kubwa. Kwa kuwa hakupima wala kuuliza aina ya kioo, meza zilipita mkono wa kochi, na kioo kilipovunjika kilimjeruhi mtoto. Alijifunza kuwa mnunuzi achague kioo kilichoimarishwa, kingo zilizosagwa na miguu imara, kisha apime kimo cha kochi na nafasi ya kupita kabla ya kulipa.

E. MAKOSA YA KUEPUKA

Usianze ufupisho kwa "Kifungu hiki kinahusu". Unapoteza maneno bure. Usinakili sentensi nzima za mwandishi. Usiongeze ushauri wako, hata kama ni mzuri. Usizidishe idadi ya maneno uliyopewa.

ZOEZI

Rudia swali la 6 kwa maneno yasiyozidi 30. Utalazimika kuacha baadhi ya mambo. Eleza kwa sentensi moja kwa nini umeacha ulichokiacha, halafu badilishana daftari na mwenzako msahihishane.