HOMA YA MAPAFU: VUA SWETA, HESABU PUMZI

Baridi ya Juni na Julai ikishaingia huku kwetu Mbozi, watoto huletwa hospitali wamefungwa kama mzigo: fulana, sweta mbili, kofia, na blanketi juu. Mama anasema, "Nesi, ni mafua tu." Kumkinga mtoto na baridi ni vema. Lakini nimonia, yaani homa ya mapafu, hujificha chini ya nguo hizo.

Katika ugonjwa huu vijidudu huingia mapafuni, na vifuko vidogo vya hewa hujaa majimaji au usaha. Hewa haitoshi, hivyo mtoto hupumua haraka haraka. Kikohozi chenyewe si nimonia, na homa huenda ikawa malaria. Tazama anavyopumua.

Majirani zetu wa Uganda walitengeneza koti la kufanya kazi hiyo. Olivia Koburongo alifiwa na bibi yake, ambaye alihamishwa hospitali hii hadi ile, na nimonia ikajulikana wakati umeshapita. Yeye na mwenzake Brian Turyabagye wakabuni koti waliloliita Mama-Ope, maana yake tumaini la mama. Mtoto huvalishwa, nalo hupima joto la mwili, sauti ya mapafu na kasi ya kupumua, kisha hupeleka majibu kwenye simu bila waya. Mwaka 2017 liliteuliwa kuwania Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, likiwa bado la majaribio. Mimi katika wodi yetu sijaliona. Ila sehemu moja ya kazi yake, ile ya kuhesabu pumzi, mzazi anaiweza.

Ngoja mtoto atulie. Asiwe analia wala ananyonya. Akilala ni vizuri zaidi. Funua kifua na tumbo, penye mwanga. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika moja nzima kwa saa ya mkono au ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa kusitasita.

Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, hesabu tena. Zikiwa vilevile, mpeleke hospitali. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, kasi ya hatari ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Huyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Tazama pia chini ya mbavu. Mtoto akivuta hewa, kifua hutakiwa kutanuka. Kikibonyea kuingia ndani, usingoje asubuhi. Vivyo hivyo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea asiamke.

Mwaka mmoja nilimpokea mtoto wa miezi 7 kutoka upande wa Tunduma. Siku nne alikuwa akinyweshwa dawa ya kikohozi ya dukani, na siku ya tatu bibi alishauri akatwe kimeo. Tulipovua sweta nilihesabu pumzi 72. Alipona, lakini alikaa kwenye oksijeni siku tano. Kukata kimeo hakutibu mapafu. Huongeza kidonda na damu kumwagika. Vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwa mtoto wa jirani navyo si dozi ya mtoto wako.

Chanjo ya kukinga aina mojawapo kubwa ya nimonia imekuwa ikitolewa nchini tangu 2013, katika wiki ya 6, 10 na 14. Msiache hata moja. Na moshi wa kuni uwe mbali na anapolala mtoto.

Ukishahesabu, andika idadi na saa kwenye karatasi, uitie ndani ya kadi ya kliniki. Mhudumu atahesabu tena, naye ataona kama kasi imeongezeka njiani.